Pikapu ya Jaku na Baraza la Bi Shemsa

Jaku aliachiwa pikapu na mjomba wake, na watu wote walimwonea wivu isipokuwa wale waliowahi kumsaidia kuisukuma. Gari yenyewe ilikuwa na pua iliyovimba, taa mbili zilizotumbua macho, na bodi la nyuma refu kama khutba ya khatibu mgeni. Ubavuni mwa bodi, kushoto na kulia, mjomba alikuwa ameandikisha kwa rangi nyekundu POLEPOLE NDIO MWENDO. Miaka yote ile gari haikuwahi kumfanya mjomba mwongo.

Mchana ilibeba ndizi na madafu kutoka Bububu mpaka Mlandege. Jioni ndipo ulipoanza mtihani, kwa sababu Jaku alikuwa akikaa Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe, kwenye kichochoro ambacho waliokijenga walikuwa wakimfikiria punda, tena punda aliyekonda. Chini ya nyumba yake palikuwa na ghala yenye mlango mpana, na gari ilikuwa lazima ilale humo. Miaka ile petroli ilikuwa haipatikani ovyo. Gari iliyolazwa nje iliamka na tangi kavu, na aliyelikausha ndiye aliyekuwa wa mwanzo kukuuliza umeamkaje.

Sasa, kabla ya ghala kulikuwa na kona, na kwenye kona kulikuwa na baraza la Bi Shemsa, benchi la mawe na chokaa lililoshikana na ukuta wa nyumba yake. Marehemu mumewe alilijenga kwa mkono wake, na Bi Shemsa alikuwa akisema wazi kuwa katika kazi zote alizozianza yule bwana, hiyo ndiyo pekee aliyoimaliza. Asubuhi aliuzia vitumbua hapo. Jioni alikaa hapo kuisubiri pikapu.

"Jaku!"

"Naam, Bi Shemsa. Shikamoo."

"Marahaba. Ushalimega tena."

"Nimelipapasa tu, Bi."

"Mchwa naye alianza kwa kupapasa, mpaka dari likatuangukia."

Lingekuwa baraza la mtu mwengine, Jaku angeomba radhi akenda zake kulala. Lakini ghorofani, juu ya baraza lile lile, kulikuwa na dirisha. Nyuma ya dirisha kulikuwa na cherehani, na nyuma ya cherehani alikuwapo Mwatum, binti wa Bi Shemsa. Mume wa Mwatum alikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, akasahau njia ya kurudi, ila njia ya kuletea talaka aliikumbuka vizuri. Jaku, mjane wa miaka mitatu aliyekwishachoka kula wali aliouunguza mwenyewe, alikuwa amepeleka posa.

Wazee wake walitoka Makunduchi, wakala halua, wakanywa kahawa, wakamsifu Jaku kwa tabia ambazo yeye mwenyewe alikuwa akizisikia kwa mara ya kwanza. Bi Shemsa aliwasikiliza mpaka sahani ya halua ilipokuwa nyeupe, kisha akasema:

"Mtu asiyeweza kupita nje kwangu bila ya kunivunjia, nimpe mwanangu akampitishe wapi? Mwambieni hivi. Nina gunia zangu za nazi ziko Bububu. Ijumaa baada ya sala aniletee mpaka mlangoni kwa hiyo gari yake. Akipita kona bila kuligusa baraza, atapata jibu lake pale pale. Na akiligusa, jibu pia atalipata."

Basi Jaku hakulala. Kwanza alikwenda kwa makanika wa Mlandege, mtu aliyezeekea chini ya magari, akamweleza kuwa anataka kuifupisha pikapu. Makanika hakuinua hata kichwa. "Usiikate," alisema. Ushauri gani huo? Mtu hafungi safari kwenda kwa fundi ili akaambiwe aache. Jaku akatafuta fundi mwenye imani zaidi, akampata Mkubwa.

Fundi Mkubwa alikuwa mchonga milango na masanduku, na kwa masanduku hakuwa na mpinzani. Kwa magari pia hakuwa na mpinzani, kwa kuwa hajapata kuligusa hata moja. Aliizunguka pikapu mle ghalani, akaigonga kwa kifundo cha kidole kama anayechagua tikiti.

"Sanduku tu hili," alisema. "Lina magurudumu, lakini ni sanduku. Sanduku likiwa refu unalikata kiunoni, unalisogeza, unaliunga. Unataka kutoa kiasi gani?"

"Nimeipima kona mwenyewe," alisema Jaku. "Dhiraa mbili."

Hapo dirisha la juu ya baraza, lililotazamana na ghala, likafunguka, na futi kamba ya kushonea ikaning'inia mpaka usawa wa mlango wa ghala.

"Fundi Mkubwa, chukueni hii mpimie," alisema Mwatum. "Ntaitaka kesho, n'na gauni la watu."

Mkubwa aliitazama ile futi kamba kama mtu aliyeletewa uji wa mgonjwa.

"Ahsante, binti yangu, baki nayo. Futi ni nini? Ni mguu wa Mzungu mmoja aliyekufa zamani, na wala hatujui kama alikuwa mzima wa miguu. Mimi dhiraa yangu n'natembea nayo, imeshikizwa begani." Akauinua mkono wake, akaonesha kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. "Milango yote ya mtaa huu imepimwa kwa hii. Umewahi kuona mlango usiofunga?"

"Wa kwetu haufungi," alisema Mwatum, akaivuta kamba yake juu.

Kazi ikaanza. Walikata chesesi, uti wa mgongo wa gari, nyuma tu ya kibanda cha dereva, kwa msumeno wa chuma uliolia mpaka paka wa Kiponda wakahamia Malindi. Kipande cha mbele cha bodi kikatolewa, magurudumu ya nyuma yakasukumwa mbele, na Mkubwa akaunga kwa mabamba ya chuma na bolti, halafu akaongeza vipande vya mninga pembeni. Mninga haukuwa na kazi yoyote. Ulikuwa wa kumtuliza fundi. Shafti ya kuzungusha magurudumu ilipelekwa Mlandege ikakatwe na kuchomelewa, na makanika yule yule aliifanya kazi nzuri huku akitikisa kichwa kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Walipoishusha gari kwenye jeki, Jaku alirudi nyuma aitazame. Kisha akasogea mbele. Kisha akainama. Baina ya gurudumu la nyuma na kibanda hapakuwa na pa kupitisha utambi wa taa. Na mkia, ambao hakuna aliyeugusa, ulikuwa umebaki na urefu wake wote, umetokeza nyuma ya magurudumu kama shela la bibi harusi.

"Fundi. Mbona imekuwa hivi?"

"Imekuwaje? Dhiraa mbili, umesema."

"Dhiraa zangu!"

Jaku, inafaa isemwe sasa, alikuwa mtu mfupi. Akiendesha, alikalia mto ili aione barabara. Mkubwa alikuwa na mikono ambayo ikiteremka huyapita mapaja. Fundi aliushika mkono wa Jaku, akaupima kwa macho kutoka kiwiko mpaka kidole, kama mtu anayeoneshwa dagaa akaambiwa ni nguru.

"Huu?" aliuliza kwa upole. "Huu ndo unaouita dhiraa? Ungeniambia mapema, Jaku. Ningekuhurumia."

Maandishi nayo yalikuwa yamepata yake. Kipande kilichotolewa kilikuwa cha mbele, kwa hiyo ubavu wa kushoto ulipoteza mwanzo wa maneno na wa kulia ukapoteza mwisho. Aliyesimama kushoto alisoma NDIO MWENDO. Aliyesimama kulia alisoma POLEPOLE NDIO, akabaki kungojea. Ikawa gari moja ina rai mbili, na dereva katikati hana hata moja.

Lakini ilipita! Alhamisi asubuhi Jaku aliitoa tupu, akaizungusha barabarani, akairejesha kichochoroni, na ile kona iliyomtesa miaka yote ikampisha kama inamjua. Baina ya bodi na baraza pangeweza kupita mtu na kapu lake la sokoni. Jaku akapiga honi. Bi Shemsa alichagua kitumbua kilichokuwa cha moto zaidi, akakitazama, akakila mwenyewe. Kwa Bi Shemsa huko kulikuwa kutokwa na machozi ya furaha.

"Kesho na mzigo," alisema.

Ijumaa baada ya sala, Jaku na Mkubwa walifika Bububu. Wapakiaji wakaanza kupanga gunia za nazi, na kwa kuwa mbele ya magurudumu hapakuwa na nafasi ya kuweka hata kikapu, zote zikapangwa mkiani. Kila gunia lilipopanda, pua ya gari nayo ilipanda, taratibu, kama mtu anayesikia harufu ya biriani kwa jirani. Gunia la mwisho lilipowekwa, magurudumu ya mbele yaliiaga ardhi.

"Sasa?" aliuliza Jaku.

Mkubwa alifikiri. "Inataka uzito mbele."

"Uzito gani?"

Uzito uliokuwapo ulikuwa mmoja tu, nao umevaa kanzu ya Ijumaa. Ndivyo fundi mashuhuri wa milango alivyosafiri kutoka Bububu mpaka mjini, amekaa juu ya boneti, miguu huku na huku ya pua, kofia kaishika kwa mkono mmoja. Njia nzima watu walimwamkia.

"Fundi Mkubwa! Unakwenda au unapelekwa?"

"Mwambieni dereva amfunge kamba, hiyo ndizi itaanguka!"

Mkubwa aliibana kofia yake. Alitazama mbele kama nanga ya meli, na kusema kweli kazi yake ilikuwa hiyo hiyo. Gari ilitulia na usukani ukashika. Walipoingia Kiponda, Jaku alikuwa keshaanza kujiita mkwe.

Kichochoroni habari ilikuwa imetangulia. Watu walikuwa wamejipanga ukutani, Bi Shemsa amesimama mlangoni mwake na buibui lake jipya, na juu dirisha lilikuwa wazi. Jaku aliingia taratibu, akaanza kupanda kimwinuko kidogo cha kuelekea kona. Baraza likawa ubavuni mwake, halijaguswa. Lilipita kioo cha kibanda. Lilipita gurudumu. Ilibaki mkia tu.

Na hapo Mkubwa akawaona wateja wake, watu aliowachongea milango, ambao mbele yao hajapata kuonekana bila ya heshima. Fundi wa aina yake hawezi kukutwa ameikalia kazi yake kama kuku anayeatamia. Akaikamata kanzu yake, akateremka.

"Fundi, usishu—" alisema Jaku.

Pua ilipaa. Jaku alijiona anatazama mbingu, na kipande cha kanga kilichoanikwa ghorofa ya tatu. Alizungusha usukani, magurudumu ya mbele yakageuka hewani, kushoto, kulia, kwa utiifu usio na faida yoyote. Injini ikazimika. Gari ikarudi kinyumenyume, bila ya haraka, kwa maandishi ya upande wa kulia, na ule mkia na gunia zake zote ukaenda kukaa juu ya baraza la marehemu. Baraza lilistahamili kwa muda wa mtu kuvuta pumzi. Halafu likaondoka lote, jiwe na chokaa, na nazi zikateremka kichochoroni zikigongana, kila moja na njia yake.

Hakucheka mtu. Wote walikuwa wakimtazama Bi Shemsa.

Jaku alishuka kwa kuruka, maana mlango wa gari ulikuwa mbali na ardhi. Akasimama mbele ya kifusi, kofia mkononi. Hakukuwa na haja ya kuuliza jibu. Aliligusa baraza, tena ukweli ni kuwa hapakubaki baraza la kusema kalikosa.

"Mama," ilisema sauti ya dirishani. "Itazame hiyo kona."

Bi Shemsa aliitazama. Watu wote waliitazama. Pale palipokuwa na baraza sasa palikuwa na uwanja.

"Hapo pangepita pikapu ile ya zamani," alisema Mwatum, "nzima nzima, na mkia wake, na mjomba mtu amekaa ndani."

Bi Shemsa alimgeukia Jaku. Ilikuwa vigumu kujua kilichokuwa kikimtetemesha mabega.

"Jaku."

"Naam."

"Umekata gari ili lisalimike baraza. Sasa huna gari, na mimi sina baraza."

"Naam, Bi."

"Na baraza hilo litasimama tena. Atalijenga nani?"

"Mimi, Bi Shemsa."

"Kwa dhiraa ya nani?"

Jaku alimtazama Mkubwa. Mkubwa aliuficha mkono wake nyuma ya kanzu. Hapo kitu chepesi kilimwangukia begani, kikajiviringisha shingoni. Ilikuwa futi kamba, na safari hii ncha ya pili hakuna aliyeishika kule juu.

Bi Shemsa aliiona. Alisonya, msonyo mrefu uliotosha kwa wote wawili, yeye na marehemu.

"Haya," alisema. "Anza kuokota nazi zangu, mwanangu. Na hiyo gari, kabla hujaiteremsha hapo kwangu, mrudishe fundi wako juu ya boneti."