Mwangaluka ya Jioni

Msimu wa pamba wa mwaka 1995, Daktari alikuwa akipiga pasi koti lake jeupe kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kwa pasi ya mkaa, katika chumba cha pembeni cha ghala la pamba pale Kasoli. Daktari huyo ni mimi. Nitamwita Daktari kwa sababu nikianza kusema "mimi" nitajitetea, na yeye hastahili wakili.

Alikuwa bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Serikali ilimsomesha miaka saba katika nchi ya baridi, kisha ikaruhusu madaktari kujitegemea, naye akajitegemea upesi. Kliniki yake ilikuwa na meza, benchi na nyundo ndogo ya mpira ya kugongea magoti. Dawa za kifafa zilikosekana mara kwa mara, lakini karatasi hazikukosekana hata siku moja. Daktari aliandika habari za wagonjwa wake kwa huruma nyingi, na jarida moja la Ulaya lilizichapisha. Wasomaji wa huko walimwandikia kwamba amewaliza. Barua hizo alizitunza kwenye kopo la maziwa ya unga, akizisoma kabla ya kula.

Mwezi wa saba, mwanamke mmoja wa nyumba ya nyuma ya ghala, Kija, alimleta mama mkwe wake aliyepatwa na kiharusi. Mama huyo aliitwa Nyanjige. Mkono wake wa kulia ulining'inia, lakini alipoingia alisema, "Mwangaluka," salamu ya Kisukuma ya asubuhi. Daktari, mtu wa Korogwe aliyejivunia Kisukuma chake, aliitikia, "Mwangaluka, mayu," yaani mama, akaandika kwenye faili kwamba usemi hauna tatizo. Aliandika hivyo wiki nne mfululizo, kwa kuwa waliwahi foleni ya asubuhi kila wiki. Kisukuma cha Daktari nacho kilikuwa kinaishia hapo hapo, kwa hiyo wawili hao walielewana sana.

Wiki ya tano walichelewa, wakafika saa kumi jioni. Nyanjige akasema, "Mwangaluka." Daktari akaitikia kwa adabu, na jua, ambalo lilikuwa limeshaanza kuinama magharibi, likarudi mashariki. Majogoo wakawika. Mwalimu wa zamu akapiga kengele ya mstarini. Kija akaketi kwenye benchi, kwa kuwa sasa walikuwa wa kwanza kufika.

"Ndilo neno lililobaki, Dokta," alisema Kija. "Akilisema, mtu akiitikia, kunakucha."

"Na mtu asipoitikia?"

"Sasa nani asimwitikie mayu?"

Daktari alikiri kimoyomoyo kwamba swali lake lilikuwa la kitoto. Akafuta maneno yake kwenye faili, akaandika upya kwamba upande wa kushoto wa ubongo, unakotunzwa usemi, umeharibika, na kwamba mgonjwa amebakiwa na salamu moja.

Kasoli ilizoea ndani ya wiki. Siku ikawa na asubuhi mbili, wakati mwingine tatu, kutegemea Nyanjige amekutana na watu wangapi wenye adabu. Ng'ombe tu ndio waliolalamika, maana walikamuliwa mara mbili. Selestini, mnunuzi binafsi wa pamba na mwenye ghala, aliweka kiti chenye mto karibu na mizani yake, akamkaribisha Nyanjige akae hapo mchana. Kila aliyeleta pamba alisalimiwa akaitikia, na vibarua wa Selestini wakafanya kazi asubuhi tatu kwa mlo mmoja. Jambo hilo lilimuudhi sana Daktari. Alililaani katika daftari lake kurasa mbili nzima, na alizipata nafasi za kuziandika kwa sababu asubuhi zilikuwa nyingi, na yeye kalamu yake hukimbia asubuhi.

Siku moja Kija alirudi peke yake. Alieleza kwamba mama mkwe wake hakuja kutafuta maneno mengi. Alitaka moja tu: mwadila, salamu ya jioni. Mumewe, mzee Mahona, alifariki miaka minne nyuma, na tangu hapo alikuwa akija jua linapozama kuangalia ng'ombe wake. Alisimama mlangoni pa zizi mpaka mkewe amsalimie, kwa kuwa haingii kwa watu bila kusalimiwa, hata kama watu wenyewe ni wake. Nyanjige alikuwa akimwambia mwadila, naye akiitikia, akaingia, akaketi, wakaongea habari ya kila ng'ombe mmoja mmoja. Sasa Nyanjige akifungua kinywa inatoka mwangaluka. Mahona, mtu wa heshima, anaitikia. Kunakucha, na marehemu hawana ruhusa ya asubuhi.

"Tangu augue hawajakaa pamoja," alisema Kija. "Anamwona mlangoni tu, halafu mzee anakwenda."

Daktari aliguswa. Hili ni kweli, na ndilo baya zaidi katika hadithi hii. Alijua pia la kufanya, maana miaka saba ya baridi haikupotea yote. Neno lililokataa kutoka kwa kusema huweza kutoka kwa kuimba, kwa kuwa wimbo una njia yake nyingine ubongoni. Akamwomba Nyanjige aimbe wimbo wa kulimia, na mama yule aliyekuwa na neno moja akaimba beti tatu bila kukwama. Basi wakaliweka mwadila ndani ya wimbo. Siku ya tatu Nyanjige aliimba "mwa-di", akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Ilibaki silabi moja. Daktari alikadiria siku kumi, nusu saa kila siku.

Alifurahi mno, akaenda kuandika.

Jarida lilitaka makala kabla ya mwisho wa mwezi wa nane. Daktari akasimamisha mazoezi kidogo ili amalize kueleza jinsi mazoezi yalivyo muhimu. Kija alipokuja kuuliza, aliambiwa kesho. Mwaka ule Kasoli kesho ilichelewa kufika, na kila mtu alijua sababu. Tena mgonjwa akipona katikati, makala ingeharibika mwisho wake. Daktari hakuliwaza jambo hili kwa maneno haya. Aliliwaza kwa maneno mazuri zaidi. Waswahili walisema ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Daktari alinena kurasa thelathini na moja.

Alipomaliza, aliona ni haki mgonjwa asikie habari zake. Akaenda nyumbani kwao jioni, akasoma kwa sauti, akimtafsiria Kija, naye Kija akimtafsiria Nyanjige. Kulikuwa na aya moja juu ya upweke wa mtu anayekosa neno moja. Daktari aliisoma mara mbili.

"Umeandika vizuri, Dokta," alisema Kija. "Na lile neno?"

Jua lilikuwa linazama. Mahona alikuwa ameshafika mlangoni pa zizi, kofia mkononi. Nyanjige akajifunga kanga vizuri, akaimba taratibu, "Mwa-di," akakwama. Akajaribu tena. Kisha ikatoka ile ile: "Mwangaluka."

Mahona akakaza midomo. Hakuwa amewahi kumkosea mkewe adabu, akiwa hai wala baadaye, na ilionekana jinsi jambo hilo lilivyomwuma. Kija akaziba mdomo wake kwa ncha ya kanga. Walikuwa wamekubaliana wasiitikie, na kwao halikuwa jambo dogo. Jua likasimama palepale, likisubiri. Mahona akainua mguu wa kwanza kuingia.

Daktari alikumbuka kwamba ukurasa wa kumi na tisa una makosa, kwamba basi la posta linaondoka alfajiri ya kesho, na kwamba makala nzima haijanakiliwa kwa usafi. Alihitaji asubuhi moja tu.

"Mwangaluka, mayu," nikaitikia.