Ya Kushoto kwa Mosoti, ya Kulia kwa Nyanchoka

Hii hamtaamini, lakini ilitokea Rangwe, mchana kweupe, na soko zima lilikuwa linaangalia: watu wawili walilipia buti zile zile. Si jozi mbili zinazofanana. Jozi moja! Kila mtu akalipia mguu wake.

Wacha tuanze na Zilpah, mama Levi, kwa sababu yeye ndiye alikuwa na haraka. Saa tatu asubuhi alikuwa kwa barabara wanayotengeneza kwenda Homa Bay, ameshika reki, anasambaza lami. Lami inatoka kwa lori ikiwa moto, inatoa moshi, na wewe unatembea pembeni yake ukivuta. Zilpah akainua mguu wa kulia. Mguu ukaja. Soli ikabaki.

Imebaki hapo kwa lami kama chapati kwa kikaango. Gundi ilikuwa imeyeyuka yote. Buti zenyewe hazikuwa zimemaliza mwezi, na alizinunua hapo hapo kazini, kwa kontena ya nyapara.

Nyapara anaitwa Monari. Alikuja akaangalia soksi ya Zilpah ikitoka chini ya buti.

"Mama Levi, bila buti hakuna kazi. Unajua sheria."

"Lakini bosi, si hizi ni zako? Uliniuzia wewe."

"Ziko zingine kwa kontena. Chukua, nikate kwa mshahara."

"Zile zile za gundi?"

"Basi tafuta zako huko nje. Saa nane ukiwa hujarudi na buti ya ngozi, reki nampa mtu mwingine. Watu wa kazi wamejaa hapo kwa geti."

Ilikuwa kweli. Kila asubuhi wanaume wanakaa pale kwa geti wakingoja mtu ashindwe. Na hiyo reki ndiyo inalisha nyumba ya Zilpah. Akavaa sandali, akashika boda mpaka sokoni.

Sasa, Rangwe kuna jamaa anaitwa Mosoti, anauza viatu vya mitumba. Kama wauza viatu wote, anatundika mguu mmoja tu, kwa sababu mwizi hawezi kukimbia na buti moja. Lakini Mosoti akajiona mjanja zaidi. Ya kushoto anatundika kwake, karibu na stendi ya boda. Ya kulia anampa mke wake, Nyanchoka, anatundika upande ule mwingine, karibu na wauza nyanya. Eti ndiyo wateja waone mali pande zote mbili!

Zilpah akaiona ile ya kushoto ikining'inia. Kahawia, ngozi nene, imechubuka kidogo kwa kisigino. Akaanza kuivuta soli kwa vidole.

"Hiyo huwezi ng'oa, mathe," Mosoti akasema. "Hebu ona hapa. Huu ukanda wa ngozi unaozunguka chini, unauona? Uzi mmoja umeshona ukanda na ngozi ya juu. Uzi mwingine umeshona ukanda na soli. Gundi hapa ni ya kusaidia tu. Soli ikiisha, fundi anaikata, anashona nyingine, huku juu hakuguswi."

"Hata zile zangu zilikuwa na uzi."

"Ulivuta huo uzi?"

"Hapana."

"Ulikuwa mchoro! Wanachora kwa mpira, unadhani imeshonwa. Kwaruza hii na ukucha."

Zilpah akakwaruza. Uzi ulikuwa uzi. Akakunja buti, ikakunjika mahali vidole vinaanzia, si katikati kama kadibodi. Wakabishana bei mpaka Mosoti akashika kichwa. Zilpah akatuma pesa kwa simu, kila kitu alichokuwa nacho. Mosoti akampigia bibi yake.

"Lete ya kulia, ile kahawia ya ukanda."

"Ya kulia nimeuza!" Nyanchoka alikuwa anapiga kelele mpaka kila mtu akasikia. "Mteja anakuja hapo kuchukua ya kushoto!"

Na mteja alikuwa ameshafika. Kijana mrefu anaitwa Fanuel, ametoka pande za Rongo, ameshika ile ya kulia kwa kifua kama mtoto mchanga.

"Omera, ndugu yangu, nipee ya pili niende," akasema. "Nimelipa."

"Hata mimi nimelipa," Zilpah akasema.

Manze, watu walivyojaa! Mwenye miwa akaacha miwa. Mmoja akapiga kelele, "Kila mtu aende na wake, mruke na mguu mmoja!" Mosoti akawa anafuta jasho.

"Unaharakisha wapi na buti, kijana?" Nyanchoka akauliza, alikuwa amefika akihema.

"Kwa barabara. Nyapara ameniambia kuna mama fulani buti imemshinda. Nikija na buti nachukua nafasi yake."

Zilpah akamwangalia. Fanuel akaangalia zile sandali zilizojaa lami, halafu akaelewa.

"Sista," akasema polepole, "mimi sikujua ni wewe. Lakini hata mimi nina watu nyumbani."

Nyanchoka akakata maneno. "Nyinyi vaeni. Zikimtosha mmoja, anaenda nazo. Mwingine narudisha pesa yake sasa hivi."

Zilpah akavaa na soksi yake ya kazi, miguu yote miwili. Kabla ya kufunga kamba, Nyanchoka akaingiza kidole nyuma ya kisigino, kikapita. Wakafunga. Zilpah akatembea, kisigino hakikuinuka. Akashuka kwa mtaro, akapanda. Vidole havikugonga mbele.

Ikawa zamu ya Fanuel. Akasukuma mguu mpaka mishipa ikatokea shingoni.

"Zinanitosha!"

"Teremka mtaro," Nyanchoka akasema.

Akateremka. Alikuwa anacheka, lakini machozi yalikuwa yanamtoka.

"Mdomo unacheka, kidole kinalia!" yule wa miwa akasema, soko lote likaanguka kicheko. Fanuel akakaa chini akazivua. Nyanchoka akamrudishia pesa yake, kijana akaondoka bila kuaga.

Saa nane haijafika, Zilpah yuko kazini. Monari akaangalia chini. Akaangalia tena.

"Umetoa wapi hizo?"

"Sokoni."

"Vua moja nione."

Zilpah akavua. Na hapa ndipo mtu anaweza kulia. Monari akaikunja, ikakunjika pale vidole vinaanzia. Akageuza, akafuata ule ukanda na kidole pole pole, mpaka mwisho. Akakwaruza uzi na ukucha. Alijua! Huyu mtu wa kuuzia watu mchoro alijua kila kitu. Akatoa kiatu chake, akaingiza mguu wake, akakanyaga mara mbili.

"Hii ni saizi yangu," akasema. "Tufanye hivi, mama Levi. Nipe hizi. Mimi nakupa mpya za kontena, bure, sikati kitu. Unashika reki sasa hivi."

"Na nikikataa?"

"Hizi si za kampuni. Sijui kama zinakubalika."

"Asubuhi ulisema nitafute zangu."

"Asubuhi ilikuwa asubuhi."

Nyuma yake, mlango wa kontena ukafunguka. Fanuel akatoka, amevaa buti mpya nyeusi zinazong'aa, na ule uzi wa mpira umezunguka pande zote. Alimwona Zilpah, akaanza kufunga kamba ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

"Nahesabu mpaka tatu," Monari akasema.

Zilpah akanyoosha mkono. Monari akadhani anataka kuvua na ile nyingine, akatabasamu. Lakini yeye alichukua ile buti yake kutoka mguuni mwa Monari, akaivuta mpaka ikatoka, akaketi hapo kwa kokoto akaivaa, akafunga kamba mashimo yote. Akasimama. Fanuel akapewa reki.

Zilpah akaondoka kwa miguu akielekea Rangwe, amevaa buti nzuri kuliko za mtu yeyote kwa hiyo barabara, hana kazi, hana nauli, na jioni Levi atauliza chakula.

Sasa wewe niambie ukweli, usinidanganye: wewe ungevua?