Mtoro wa Mwaka wa Tatu

Mjane alifika masjala ya chuo saa mbili asubuhi na bahasha ya kaki, akamkuta karani anapuliza chai. Jarida la wahitimu lilikuwa linaandaa ukurasa wa kumkumbuka mumewe, aliyezikwa wiki mbili nyuma. Kikwazo kilikuwa neno moja. Kwenye daftari la mitihani, mwaka wa tatu, somo la mwisho la hesabu, mbele ya jina lake paliandikwa Mtoro. Na mtoro si mhitimu.

"Siku hiyo alikuwa handakini, dada. Lori la jeshi lilimchukulia hapo getini kwenu."

"Pole, mama. Lakini daftari halina vita. Lina Yupo, Mgonjwa na Mtoro."

Marehemu, aliyeingia nyuma ya mkewe, aliuliza kama anaweza kuufanya mtihani huo sasa. Karani alitazama tope lililodondoka kutoka kwenye buti zake, akamwomba ajipanguse, akampa fomu. Mguu aliouacha vitani ulikuwa umemrudia. Aliukanyaga kwa uangalifu, kama mtu aliyeazima kiatu.

Alifanya mtihani kwa saa tatu, peke yake ukumbini. Mjane alisubiri kwenye benchi la nje. Miaka arobaini watu walimwita mumewe Nusu Msomi, naye akacheka nao, kisha akirudi nyumbani anakokotoa hesabu pembeni mwa magazeti mpaka karatasi inatoboka. Hilo lilimuuma mjane kuliko hata mguu.

Mhadhiri alisahihisha hapohapo: tisini na moja kwa mia. Karani akafurahi kwa dhati, akafungua daftari, halafu akaweka kalamu chini.

"Mama, ili niingize alama lazima nijaze Yupo. Na cheti cha kifo ulichoniletea kinasema hayupo."

"Basi jaza Mgonjwa."

"Mgonjwa anatarajiwa kupona, mama."

Akaandika Mtoro kwa mara ya pili, kwa mwandiko mzuri zaidi. Jarida nalo lingemtaja kama rafiki wa chuo.

"Mtihani unarudiwa lini?" marehemu aliuliza.

"Mwezi wa sita, mzee."

"Nitakuja."

Mjane alimshika mkono, akalia njia nzima mpaka kituo cha basi, huku mumewe akimweleza swali la nne, ambalo kwa kweli lilikuwa tamu.