Wiki Tatu za Kifaransa Kitupu

Mwalimu Tecla alikuwa amefundisha Kifaransa miaka kumi na mmoja katika shule ya sekondari karibu na Mogogosiek, nchi ya chai, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuzungumza na Mfaransa hata mmoja. Siri hiyo aliificha vizuri. Wanafunzi wake walifaulu mitihani ya kuandika, wazazi wakampigia makofi siku ya zawadi, naye akatabasamu.

Sasa siri ilikuwa karibu kuanikwa. Barua ilikuwa imefika: amechaguliwa kwenda kambi ya walimu wa Kifaransa, likizo ya Agosti, wiki tatu za kulala hukohuko, nje kidogo ya Nairobi. Pamoja na orodha ya shuka, sweta na tochi kulikuwa na karatasi ya kutia sahihi. Tangu asubuhi ya kwanza hadi siku ya kufunga, hakuna Kiswahili, hakuna Kiingereza, hakuna lugha ya nyumbani, hata mezani, hata ukiumwa na jino. Wakufunzi wote ni Wafaransa. Alitia sahihi haraka kabla mkono haujakataa, kisha chakula kikamshinda siku nne.

Hebu fikiria: mtu mzima, mama wa watoto watatu, asimame mbele ya walimu wenzake, afungue mdomo, kitoke kitu ambacho Mfaransa mwenyewe hakitambui. Je, watoto wa watu amewalisha uongo miaka yote hii? Hilo ndilo lililomkosesha raha kuliko aibu yenyewe.

Basi akaamua kufanya mazoezi. Nyumbani haikuwezekana, mumewe Kipkurui alimsikia mara moja tu akamuuliza kama koo linamuuma. Akahamia shambani. Kila asubuhi alibeba kikapu mgongoni, akaingia katikati ya mistari ya chai, akachuma huku akijisemea kwa sauti, kwa Kifaransa: chumvi iko wapi, tumbo linaniuma, samahani sijaelewa. Alirudia, akajikosoa, akafumba macho. Mara mbili alilia.

Alichosahau ni kwamba Wilkista alikuwa akichuma mstari wa nne kutoka hapo.

Wilkista, ambaye wengi walimwita Mama Quinter, alikuja kutoka upande wa ziwa, ambako lugha ni nyingine, miaka tisa iliyopita. Mumewe alipata kazi kiwandani, naye akawa anawachumia watu majani ya chai. Alikuwa mwanamke wa maombi kwelikweli. Akimwona mtu amefumba macho kwenye chai, machozi yanamtoka, anatamka maneno yasiyoeleweka na yeyote, angefikiri nini kingine? Kufikia Jumatano, akina mama wote wa kanisa walijua kwamba Mwalimu Tecla amejaliwa kipawa cha Roho, kunena kwa lugha.

Ijumaa alasiri, mabegi yakiwa tayari mlangoni, wakaja kumi na wawili kati yao, Wilkista akiwemo, kumwombea safari. Tecla aliwapikia chai, akashukuru, akadhani ni desturi tu ya kuagana. Kisha Mama Rodah, kiongozi wao, akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, leo wewe ndio utaongoza maombi. Na usituongoze na Kiswahili. Tumesikia vile Roho amekupea."

"Amenipea nini?"

"Wacha kuficha. Mama Quinter amekusikia kwa majani."

Hapo Tecla akaelewa walichodhani. Njia rahisi ilikuwepo, na aliifikiria kwa dakika nzima: awatajie ile chumvi na lile tumbo, waitikie Amina, warudi makwao wamebarikiwa. Lakini alikuwa ameokoka, na tena alikuwa amechoka kujificha.

"Si Roho, mama. Ni Kifaransa," akasema. "Na hata hicho sikijui vile mnafikiri. Naenda kukaa na wenyewe wiki tatu, na naogopa. Naogopa sana. Watanicheka."

Mama Rodah alichukua tena kikombe chake, ingawa kilikuwa kitupu.

"Watakucheka," akasema Wilkista, bila ubaya wowote. "Mimi nilifika hapa sijui Kipsigis chenu hata salamu. Kwa majani mnaongea, mimi nanyamaza tu. Mwaka mzima, Mwalimu. Siku nilijaribu kusema, watu walicheka mpaka vikapu zikaanguka."

"Pole, Mama Quinter. Mimi sikujua. Ni nani alikucheka hivyo?"

"Ni wewe ulianza."

Tecla aliitafuta siku hiyo kichwani mwake, asiipate. Mwenzake alikuwa ameibeba miaka minane, na yeye hakuwa nayo hata kidogo. Aliona haya kuliko alivyopata kuona maishani.

"Halafu ukafanya nini?" akauliza.

"Nililia kwa nyumba. Asubuhi nikarudi kwa majani, nikasema tena."

Mama Rodah alikohoa, akamwambia Wilkista aongoze. Mikono ikawekwa mabegani mwa Tecla. Wilkista aliomba kwa Kipsigis, chenye makosa yake mawili matatu ambayo hakuna aliyeyasikia tena.

"Mungu, hao watu watamcheka mwalimu wetu. Wacha wamcheke. Lakini asubuhi umwamshe arudi, aseme tena."

Tecla akaitikia Amina kwa sauti kuliko wote, huku akilia.