Joto la Betri Mbili

Mwila alifundisha umeme katika shule moja ya ufundi mjini Lubumbashi, na mama mkwe wake, Mama Domitille, alimjua kwa chaki ya kwenye shati tu. Kwa hiyo mwezi wa sita, alipomwomba amtengenezee sanduku la kutotolesha vifaranga, Mwila alikubali hata kabla hajamaliza kusikiliza.

Alitandaza waya wa joto ndani ya sanduku, akauunga na betri moja ya sola ya volti sita. Kipimajoto kikapanda kutoka nyuzi ishirini hadi ishirini na tisa, kikatulia. Mayai yalitaka karibu thelathini na nane. Mwila akafurahi. Wiki hiyohiyo alikuwa amewafundisha wanafunzi kwamba saketi ikiwa na vyanzo viwili, unahesabu kila kimoja peke yake, kisha unajumlisha. Nyuzi tisa na tisa, kumi na nane; juu ya zile ishirini, thelathini na nane! Akaunga betri ya pili mfululizo na ya kwanza, akaita watu.

Mama Domitille akaja na kikapu cha mayai arobaini. Akatia mkono sandukuni kwanza, akautoa mbio.

"Baba, hii iko ya kutotolesha ao ya kupika?"

Kipimajoto kilikuwa kimepita hamsini na bado kinapanda. Dorcelle, mke wa Mwila, akageukia ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Mwila akachomoa betri, masikio yakimwaka. Akachutama na kalamu. Waya ulikuwa na ukinzani wa omu tatu. Betri moja, ampea mbili; zote mbili, ampea nne. Hapo kujumlisha kulikuwa sawa. Lakini joto hufuata ampea zikizidishwa kwa zenyewe. Mbili mara mbili, nne. Nne mara nne, kumi na sita! Joto lilikuwa limekua mara nne, si mara mbili.

"Mama, nilikosea," akasema. "Kuran, zile ampea za umeme, inajumlishwa, ile iko kweli. Lakini joto haliendi hivyo."

"Kumbe balimu banakoseaka!" Mama Domitille akacheka hadi akakaa chini. "Basi tengeneza, baba. Mayai inangoja."

Mwila akaongeza waya mwingine wa urefu uleule, mama mkwe akimshikia ncha. Omu sita sasa, ampea zikarudi mbili, na joto likawa maradufu ya lile la betri moja. Walikaa wote watatu wakikitazama kipimajoto kama wanaotazama mpira. Kikasimama kwenye thelathini na nane.

Kesho yake Mwila aliwasimulia wanafunzi aibu yake yote. "Jumlisheni ampea na volti, lakini kwenye vikinza tu, kama waya wangu," akawaambia. "Mkikuta diodi ndani, ambayo ampea zake hazikui sawa na volti, acheni kujumlisha. Na joto lipigieni hesabu mwishoni, kwa kuran nzima."

Siku ya ishirini na moja tangu mayai yaingie sandukuni, Mama Domitille alimpigia simu akiwa katikati ya somo. Mwila hakusikia neno. Milio ya vifaranga ilifunika sauti ya mama mkwe.