Aliyebaki Sakafuni

Matokeo yalitoka mchana, wakati muuza nyama anakwangua mafuta kwenye gogo lake la kukatia. Mteja aliyekuwa akisubiri mbavu ndiye aliyeyasoma kwenye simu, maana mikono ya muuza nyama ilikuwa na damu. Alitafuta namba ya mtihani ya binti, akasoma somo moja moja kwa sauti ya mtu anayesoma saa. Kemia vizuri. Biolojia vizuri sana. Fizikia imeteleza kidogo.

"Imeteleza mpaka wapi?" aliuliza muuza nyama.

Mteja alimweleza kwamba binti amefaulu, ila hakufika pale kinapotaka chuo cha udaktari cha kilimani. Chuo hicho kilichagua watu kama mama anayechagua mchele: masomo yote matatu yawe juu, tena kwa mkao mmoja wa mtihani. Vyuo vingine vingempokea kwa mikono miwili. Muuza nyama alimkatia mbavu zake, akampimia, akanawa, akavua aproni, akamwomba amfukuzie nzi kwa muda. Kisha akachukua mkanda mpana wa ngozi anaomalizia kunolea visu, akaenda nyumbani, ambako ni mlango wa pili kutoka buchani.

Alimpiga binti sebuleni, kati ya kabati la vyombo na cherehani ya mkewe. Hakuwa mlevi na hakutukana. Alipiga jinsi alivyofanya kazi zake zote, kwa mpangilio, kuanzia mabegani kushuka. Binti aliangukia ukingo wa kabati, na nyonga ikatoa ile sauti ya mfupa unaovunjikia kiungoni, sauti ambayo muuza nyama aliijua vizuri. Alipomaliza, binti alikuwa wawili: mmoja alibaki sakafuni na mwingine akainuka, akapangusa damu ya mdomo kwa kiganja, akavaa viatu, akaenda kujiandikisha kurudia mtihani.

Mama alimtazama aliyekwenda, akamtazama aliyebaki. Akaenda jikoni kuongeza sahani.

Majirani walikuja kutoa pole. Muuza nyama aliwaambia kwamba huyo wa chini ni uvivu, umemtoka mtoto, na kila mwenye macho anauona. Mwenye duka la dawa aliafiki. Alikuwa mtu wa methali, hasa mambo yanapohusu watoto wa wenzake.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," alisema, akamruka aliyelala ili akafikie kiti.

Walimwita Sakafuni. Hakuweza kusimama tena. Mama alimtandikia mkeka, akawa anafagia kwa kumzunguka, na wageni waliokuja kushonesha nguo walijifunza kusema samahani wanapompita juu. Siku moja mama alimbeba hadi hospitali. Muuguzi aliuliza jina, akatazama daftari, akasema mwenye jina hilo alikuwa hapo juzi, amepimwa kwa ajili ya kurudia mtihani, na amekutwa mzima wa afya. Mtu hawezi kuwa mzima na kuvunjika kwa jina moja. Mama akambeba akamrudisha.

Yule aliyeinuka alikuwa amepiga magoti kando ya mkeka walipoingia, anasubiri.

"Nikiwa daktari nitakuinua mwenyewe," alimwambia Sakafuni. "Nakuapia, dada."

Tangu hapo hakusomea kitu kingine. Alisoma ili ile nyonga irudishwe mahali pake.

Mwaka uliofuata fizikia ilipanda ikakaa juu kabisa, lakini kemia ikateleza. Muuza nyama alisikia habari akiwa ananing'iniza paja kwenye kulabu. Alinawa, akavua aproni. Safari hii ulivunjika mfupa wa bega, na mmoja akabaki chini na mwingine akainuka akatafuta viatu. Ila huyu aliyebaki hakuwa mtu wa kulala. Alitambaa akatoka mlangoni, akatambaa kando ya ukuta mpaka buchani, akajivuta kwa gogo akasimama. Bega lilipopona limepinda, alikuwa ameshajifunza kupasua mbavu kwa mkono wa kushoto. Baba yake alimwachia shoka, kwa kuwa kazi ilikuwa nyingi na yeye hakuwa anaomba ruhusa ya kwenda popote. Wateja walimpenda, wakamwita Gogoni. Walisema hafichi mifupa chini ya nyama kama mzee.

Wa tatu, aliyebaki na vitabu, akaitwa Kitabuni. Kiapo alikuwa nacho yeye.

Alasiri, muuza nyama akienda machinjioni kuchagua ng'ombe wa kesho, mabinti watatu walikaa pamoja sebuleni. Sakafuni alikuwa na dari tu ya kutazama, kwa hiyo lile swali la fizikia lililomwangusha alikuwa amelirudia mpaka likanyooka, na mengine yote aliyowahi kuyasikia nayo akayanyoosha. Gogoni alikuwa amefanya vivyo hivyo na kemia, kwa mdundo wa shoka. Walimpa Kitabuni vyote. Kwa biolojia, Gogoni alileta bega la mbuzi kwenye sinia, akamwonyesha mishipa na kano, akamfundisha kushika kisu.

"Usisukume," alimwambia. "Unamlazimisha nani? Kisu kikiwa kikali, wewe kazi yako kukionyesha njia."

Kitabuni aliweka ncha ya kisu. Sakafuni alitazama kutoka chini, shavu likiwa kwenye mkeka.

"Juu kidogo," alisema. "Hapo utakosea."

Kitabuni akasogeza, na nyama ikaachana bila kelele.

Mara ya tatu masomo yote matatu yalikaa juu, kwa mkao mmoja, na barua ya chuo cha kilimani ikafika. Sebule ilijaa majirani. Mama aliinama juu ya cherehani akashona pindo lililokwisha kushonwa. Mwenye duka la dawa alikuja na mwanawe, kijana wa ndevu ambaye naye alikuwa akirudia mtihani na hakupenda kukaa karibu na baba yake. Muuza nyama alisimama katikati ya chumba. Alitundua mkanda kwenye msumari, akauinua ili hata walioko mlangoni wauone.

"Watu wananiuliza nilimpeleka kwa mwalimu gani," alisema. "Mwalimu ni huyu."

Watu walipiga makofi. Gogoni alikuwa amekuja kutoka buchani na shoka lake, kwa kuwa aliitwa katikati ya kazi.

"Mwalimu yuko sakafuni, baba," alisema. "Umesimama juu ya nywele zake."

Muuza nyama alitazama chini, akaona ni kweli, na hakuondoa mguu. Alimpiga Gogoni usoni kwa mkanda, pigo la kurudisha mkono, na jicho likafumba hapo hapo. La pili Gogoni alilidaka. Aliuzungusha mkanda kwenye kiganja, akamvuta baba yake pamoja nao hadi kwenye meza, akaulaza juu ya ubao, akaukata kati kwa pigo moja. Shoka lilizama kwenye meza likabaki limesimama. Damu ya jicho ilidondokea sahani za wageni. Mwenye duka la dawa alikohoa, akauliza kama kuna chai nyingine.

Asubuhi yake kulikuwa na mikanda miwili kwenye msumari, kila mmoja mpana vile vile, mrefu vile vile. Muuza nyama aliipima kwa mkono, akaridhika. Mmoja alimpa mwenye duka la dawa.

Jioni ile ile kilio cha kijana wa ndevu kilisikika mtaa mzima, na baadaye akaonekana anaelekea kujiandikisha, anachechemea. Aliyebaki alilazwa nyuma ya kaunta, kati ya maboksi ya pamba na chupa za dawa ya kikohozi. Naye alipopata nguvu aliukata mkanda kwa kisu cha maboksi. Mwenye duka la dawa akampa shemeji yake ule uliozidi. Haikupita miezi mingi kila nyumba yenye mwanafunzi ilikuwa na wake, kwa sababu kila aliyejaribu kuukata aliongeza mmoja. Kina mama walipokutana bombani waliulizana habari za mikeka.

Siku ya kwenda chuo, Kitabuni alimfunga Sakafuni mgongoni kwa shuka. Mama alishona kamba mbili za kupita mabegani ili uzito usimchubue, akawafungia chakula, akamwambia asiinamie mbele sana. Gogoni hakutaka kwenda. Jicho lake lilikuwa halijafunguka na halikuwa na nia ya kufunguka.

"Nikiondoka huyu mzee atapasua nini?" alisema. Kisha akamtazama mama, na Kitabuni akaelewa. Gogoni aliwasindikiza hadi mwisho wa barabara. "Wewe nenda. Ukirudi hujamwinua, nitakukata mwenyewe, na najua pa kuanzia."

Sakafuni alicheka. Alikuwa hajacheka tangu ile fizikia.

Walipanda kilima polepole. Sakafuni alisema ameisahau rangi ya miti, akataja majina ya majani kadiri walivyoyapita. Getini, mlinzi alisoma barua, akamsoma Kitabuni, akazunguka nyuma akamsoma na Sakafuni.

"Nafasi ni ya mmoja, binti yangu."

Kitabuni alieleza kwamba hakuja kumtafutia kitanda. Alikuja naye ili siku atakapojua kumtibu amtibu. Mlinzi alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na umri wa babu yake na alikuwa mtu mpole.

"Wengi mnakuja nao," alisema. "Wa kubebwa wanapokelewa mlango wa nyuma. Usijali, si kazi ngeni hapa."

Walikuja watu wawili wenye aproni nyeupe na machela. Shuka la machela lilikuwa safi, limepigwa pasi, na Kitabuni alipoliona moyo wake ulitulia. Walimlaza Sakafuni kwa adabu.

"Watakutazama nyonga," Kitabuni alimwambia.

"Waambie wasiniweke kwenye baridi," alisema Sakafuni.

Kitabuni aliwaambia. Wakaitikia kwamba wamesikia.

Alipewa chumba pamoja na msichana mwenye miwani, binti wa jaji. Wakiwa wanatandika vitanda, msichana alimuuliza ameacha wangapi nyumbani. Kitabuni alisema mmoja yuko nyumbani na mmoja amekuja naye.

"Wawili tu? Una akili," alisema yule msichana. "Mimi wanne. Baba aliwaleta wote na gari, kupitia mlango wa nyuma."

Kila siku Kitabuni aliuliza kuhusu Sakafuni, na kila aliyemuuliza alimjibu kwa upole kwamba atamwona wakianza masomo ya vitendo.

Masomo ya vitendo yalianza asubuhi yenye jua. Ukumbi ulikuwa mkubwa, wenye madirisha marefu na meza za chuma zilizopangwa kwa safu, na juu ya kila meza palikuwa na shuka safi lililopigwa pasi. Kulikuwa na baridi. Mhadhiri aliwaambia kila mmoja asimame kwenye namba yake. Mashuka yalifunuliwa. Msichana mwenye miwani alitazama uso uliokuwa mbele yake, akafunika sehemu ya uso tu, akavaa glavu. Kijana mmoja safu ya nyuma alikaa chini, akaombwa asimame, akasimama.

Kitabuni alimtazama Sakafuni. Nywele zake zilikuwa zimenyolewa. Macho yalikuwa yamefumbwa na midomo ilikuwa ya bluu. Nyonga ilikuwa vile vile, imejiunga yenyewe, imepinda. Mhadhiri alipita, akaigusa kwa kalamu, akawaita wanafunzi wa meza za jirani waje waone.

"Hili ni vunjiko la zamani ambalo halikutibiwa," alisema. "Ni vigumu kupata zuri kama hili. Leo utafungua hapa, mwenzetu, uwaonyeshe. Mmekuja hapa kujifunza kuwasaidia watu wa namna hii."

Akampa kisu. Kilikuwa kidogo kuliko vya nyumbani, lakini kimenolewa vizuri. Kitabuni alikishika kama alivyofundishwa. Alikaa nacho kwa muda, mhadhiri akakohoa, wenzake wakabadilisha mguu wa kusimamia. Kisha akaiweka ncha kwenye ngozi.

"Juu kidogo," alisema Sakafuni bila kufumbua macho. "Hapo utakosea."

Kitabuni akasogeza kisu juu kidogo. Hakusukuma. Mhadhiri, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alitazama ngozi ikiachana, akaitikia kwa kichwa, akaenda meza ya pili.