Kipande cha Wageni

Mama Malisho alipiga goti katikati ya kipande namba nne, akakunja ngumi na kuisimamisha ardhini kando ya nyasi. Nyasi hazikumfika hata kwenye kiganja. Kipimo chake kilikuwa rahisi, na alikuwa amemfundisha kila mchungaji aliyepita pale: ngumi tatu, ng'ombe waingie, ngumi moja, watoke, kipande kipumzike. Hapa hapakuwa na ngumi wala nusu yake. Ng'ombe thelathini na wawili walikuwa wakilamba vumbi na kung'oa mizizi, na mmoja alikuwa ameanza kuguguna nguzo ya uzio.

"Dada, hapo chini unasali au umeangusha sindano?" mkamuaji alimwuliza kutoka upande wa pili wa waya. Wenzake walimwita Ndoo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona mikono mitupu.

"Natafuta chakula cha wake zako."

"Wake zangu wamenikataa. Nilikuwa natoka na ndoo nne kwenye mstari mmoja, leo nimetoka na moja na nusu. Inuka, meneja anakuita kipande namba moja. Wageni wa tuzo wanafika saa mbili."

Lile shamba la maziwa lilikuwa na vipande kumi na viwili. Mama Malisho ndiye aliyevigawa, miaka tisa iliyopita, kwa kutembea na kamba na vijiti, kisha akapanga zamu: ng'ombe siku tatu hapa, siku tatu pale, na kila kipande kilale mwezi mzima kabla ya kuguswa tena. Zamu hiyo sasa ilikuwa ukutani ofisini, imechapwa kwa rangi tatu, na chini yake limeandikwa jina la meneja. Hilo hakulijali sana. Kilichomuuma ni kwamba ilibaki huko huko ukutani. Mvua zilipochelewa, meneja aliongeza ng'ombe kumi badala ya kupunguza. Kisha lori la mtu asiyemjua likaja kupakia marobota yote ya majani makavu, yale aliyoyakata na kuyakausha yeye kwa ajili ya kiangazi. Alipouliza yanakwenda wapi, aliambiwa ashughulike na mambo ya kwato, mambo ya karatasi yana wenyewe.

Kipande kimoja tu kilibaki kijani, namba moja. Kilikuwa kando ya barabara, kimepandwa lusini, majani laini ya jamii ya kunde ambayo ng'ombe huyapenda kama mtoto anavyopenda sukari. Kilimwagiliwa kwa mpira kila jioni, hata katika zile wiki ambazo birika la ng'ombe lilikuwa na tope. Wafanyakazi walikiita kipande cha wageni. Wenyeji, yaani ng'ombe, walikuwa hawajakikanyaga tangu kipandwe.

Meneja alikuwa amesimama langoni, shati limepigwa pasi, buti za mpira ni mpya, na Ndoo amesimama karibu.

"Mama Malisho, lete kundi zima. Wageni wakishuka kwenye gari nataka wawakute humu ndani, wanakula."

Alitazama lusini. Umande ulikuwa bado umelala juu ya kila jani.

"Bosi, hawa wana njaa ya siku nne, na haya majani yameloa. Wakiingia sasa watavimba."

"Watavimba kwa shibe."

"Watavimba kwa gesi. Tumbo linajaa povu, ng'ombe hawezi hata kucheua, anakufa amesimama. Tungoje saa sita, jua likaushe. Na kwanza wapewe majani makavu, hata marobota mawili tu."

"Majani makavu yako wapi?"

Aliuliza yeye mwenyewe aliyeyauza, bila kupepesa macho.

"Wageni wana ndege saa sita," meneja alisema, na sauti yake haikuwa na ukali wowote. "Wametoka mbali kuja kuona uongozi katika ufugaji endelevu. Niwape viti wakae wakiangalia jua likikausha majani?"

"Hapana, bosi."

"Hapa meneja ni nani?"

"Ni wewe."

"Basi fungua."

Angeweza kukataa. Wapo watu ambao wangekwambia hivyo, na wote wana mahali pa kulala. Chumba chake kilikuwa cha shamba, cha tatu kwenye safu ya wafanyakazi, na ndani yake alikuwamo mama mkwe wake, mjane kama yeye, asiyeweza tena kusimama bila kushikwa. Na ndani ya lile kundi alikuwamo Madoa, ng'ombe wake mwenyewe, aliyeruhusiwa kulishwa pamoja na wenzake kwa sharti kwamba maziwa ya asubuhi ni ya shamba na ya jioni ni yake. Wanasema ng'ombe wa maskini hazai. Madoa alizaa mara mbili, na maziwa yake ya jioni ndiyo yaliyokuwa yakimshikilia yule bibi kitandani asiende kaburini. Mtu akifukuzwa, huondoka na ng'ombe wake. Akamlishe wapi?

Alilileta kundi. Kabla ya kufungua, alimtia Madoa kamba shingoni ili amfunge nje, kwenye mti wa uzio.

"Huyo mwenye mabaka ndiye mzuri wa picha," meneja alisema. "Mwachie."

Akamwachia.

Hawakuingia kama ng'ombe, waliingia kama watu kwenye lori la msaada, wakipigana vikumbo, wakizika pua kwenye kijani hadi machoni. Wageni watatu walifika dakika kumi baadaye. Walipiga picha, wakafurahi kwa dhati. Mmoja wao, mwanamke mwenye daftari, alimgeukia Mama Malisho.

"Na nyinyi mnajuaje kwamba kipande kiko tayari kuliwa?"

Mama Malisho aliinua mkono, akaanza kukunja ngumi.

"Tuna mfumo," meneja alisema. "Karibuni ukumbini, nitauonyesha kwenye picha."

Mgeni akaandika mfumo, wakaondoka.

Mama Malisho alitaka kuwatoa ng'ombe mara moja. Ilikuwa sawa na kumtoa mlevi kilabuni. Yeye na Ndoo walipiga kelele, walichapa, walivuta mikia, na walipowafikisha nusu ya kundi langoni, ng'ombe wa kwanza alisimama, akapanua miguu, akaanza kuhema mdomo wazi. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa umepanda juu ya uti wa mgongo. Mama Malisho aliupiga kwa kiganja, ukalia kama ngoma.

"Kimbia stoo. Lete ule msumari wa kutobolea matumbo, na bomba lake."

"Kabati limefungwa, dada."

"Ufunguo anao mtunza stoo."

"Mtunza stoo amevalishwa tai, anagawa chai ukumbini."

"Mfuate huko huko."

Ndoo alikimbia. Yeye alikimbilia jikoni, ambako mpishi alikuwa akiwakaangia wageni, akaomba mafuta ya kula. Mpishi alimpa chupa iliyobaki nusu, na bila kuulizwa akampa na kisu. Aliporudi, ng'ombe watatu walikuwa chini au wakielekea chini. Madoa alikuwa bado amesimama, mbali, upande wa barabarani, kichwa amekinyoosha mbele. Alimmiminia mafuta yule aliyekuwa karibu, nusu yakamwagika. Ndoo akarudi akitweta, mikono mitupu kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

"Meneja amesema tusubiri hotuba iishe. Amesema nisikanyage tena pale na buti zenye mavi."

Basi akatumia kisu. Alipima vidole vinne kutoka kwenye mfupa wa nyonga, ubavu wa kushoto, akakichoma hadi mpini na kukizungusha. Povu la kijani likamrukia usoni pamoja na harufu ya kitu kilichooza. Ng'ombe akavuta pumzi. Akaenda kwa wa pili, naye akavuta pumzi. Wote wawili walikuwa wa shamba. Alianza na walio karibu kwa sababu ndivyo kazi inavyofanywa, na huko ukumbini mtu alikuwa akijaribu kipaza sauti, moja, mbili, moja, mbili. Wa tatu alimkuta amekwisha kufa. Alipofika kwa Madoa, miguu ilikuwa imekakamaa na lusini bado iko kati ya meno. Alimtoboa hivyo hivyo. Hewa ikatoka, basi.

Jioni mama mkwe alisikia hatua zake mlangoni, akanyoosha kikombe kama kawaida.

"Leo maziwa hakuna, mama."

"Amekauka?"

"Amekufa kwenye lusini."

Yule bibi alikishusha kikombe kitandani polepole. "Alifunguliwa na nani?"

"Mimi," alisema Mama Malisho, na hapo ndipo alipolia.

Kesho yake meneja alimkaribisha kiti. Hakuwa amewahi kukalia kiti katika ofisi ile. Juu ya meza palikuwa na karatasi moja na kalamu iliyokwisha kufunuliwa.

"Kwanza pole sana. Najua ulivyokuwa ukimpenda yule ng'ombe wako." Alisogeza karatasi. "Hii ni taratibu tu. Wale wa tuzo wamesikia, wanataka kujua kilichotokea. Nimeandika kwa lugha ya upole."

Mama Malisho alisoma polepole, kidole chini ya mstari. Ilisema kwamba mchungaji, kwa kukosa elimu ya malisho, aliwafungulia ng'ombe kabla ya wakati bila kumjulisha kiongozi wake.

"Bosi, mimi nilikwambia."

"Ulimwambia nani? Nani alisikia?"

"Ndoo alikuwa langoni."

Meneja aligeuza karatasi. Nyuma, mahali pa shahidi, palikuwa na saini ya Ndoo, kubwa na iliyopinda, ya mtu asiyeandika mara kwa mara.

"Mimi na wewe tumetoka mbali," meneja alisema. "Sitaki uondoke. Ukisaini, ni kosa la kutojua, na mtu asiyejua hufundishwa. Kazi unabaki nayo, chumba unabaki nacho. Usiposaini, basi ulijua. Ulijua, na bado ukafungua. Ng'ombe mmoja wa shamba amekufa, Mama Malisho. Hilo linaitwa hujuma, nalo halishughulikiwi ofisini kwangu."

Aliomba apewe hadi jioni. Njiani alimkuta Ndoo akiosha mitungi ya maziwa, akasimama mbele yake.

"Dada, nina wanne wanaokula," Ndoo alisema, bado anasugua mtungi uliokwisha kutakata. "Niliambiwa kwamba wewe nawe umeshasaini."

Chumbani, mama mkwe alimsikiliza hadi mwisho, akageuzia uso ukutani.

"Tia saini, mwanangu. Mimi sina nguvu za kuhama tena."

Akarudi, akatia saini. Siku ile ile mnunuzi wa mizoga alikuja kuwachukua Madoa na yule wa shamba. Mama Malisho alipouliza kuhusu pesa za Madoa, aliambiwa kwamba alifia kwenye ardhi ya shamba.

Tuzo ilitolewa. Ilisemekana kwamba kilichowavutia zaidi wale wageni ni uongozi usioficha makosa, unaoyakubali na kujifunza. Pamoja na tuzo ulikuja mradi wa mafunzo, na baada ya wiki sita wafugaji ishirini na tano kutoka mashamba ya jirani walikaa kwenye viti vya plastiki mbele ya kipande namba moja, kila mmoja na daftari jipya. Meneja alifundisha kutwa nzima. Aliwafundisha ngumi tatu na ngumi moja, akawataka wote wakunje ngumi, wakakunja. Kisha akaeleza kwamba lusini ni majani yenye sumu asubuhi. Mama Malisho, aliyekuwa amesimama pembeni kwa amri, alifungua mdomo na kuufunga. Lusini haina sumu. Njaa ndiyo yenye sumu, na umande ndio unaoimalizia kazi, lakini wafugaji ishirini na tano walikuwa wameshaandika sumu.

"Sasa hapa tuna mfano hai," meneja alisema. "Karibu mbele, mama yetu. Usiogope. Waeleze ulivyofungua."

Alieleza. Saa mbili, umande, kundi zima. Alisema yale tu yaliyokuwa kwenye karatasi, na aliyasema vizuri, kwa sababu kwa mambo ya ng'ombe hakujua kusema vibaya.

Mwanamke mmoja wa makamo, mwenye buti zilizotobolewa na kazi, aliinua mkono. Alikuwa akimtazama Mama Malisho, si meneja, kwa namna ya fundi anayemtambua fundi mwenzake.

"Samahani, mama. Umekaa na ng'ombe miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Miaka kumi na tisa. Na hukujua kwamba wenye njaa hawatiwi kwenye majani yenye umande?"

Viti viliacha kukwaruza. Meneja alikuwa akitabasamu, mikono mgongoni. Kule kwenye safu ya vyumba, mlango wa tatu ulikuwa wazi ili yule bibi apate hewa.

"Sikujua," Mama Malisho alisema.

Yule mwanamke alimwangalia kidogo zaidi, kisha akainama na kuandika. Wote waliandika. Meneja akasema kwamba kukiri mbele za watu kunahitaji moyo, na kwamba huo nao ni uongozi, akawaomba wampigie mama makofi. Wakampigia, kwanza wachache, halafu wote. Naye akasimama pale mbele yao, hajui mikono aiweke wapi, hadi akajikuta anapiga makofi pamoja nao.